Filamu za Kijapani za maisha ya shule: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila Ijumaa jioni nyumbani kwetu tunaangalia filamu, watu sita hadi kumi, kutegemea mvua na umeme. Zamu yangu ya kuchagua ikifika tunaishia Japani, na tukishafika Japani tunaishia darasani. Maswali yanayofuata baada ya filamu ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Nikionekana kuipendelea filamu fulani, ni kweli naipendelea.

Filamu hizi zina jina lake?

Wajapani huziita *seishun eiga*. *Eiga* ni filamu. *Seishun* ni ujana, na huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ni rangi ya buluu inayokaribia kijani, ya pili ni majira ya machipuko. Rangi hiyo, *aoi*, Mjapani huitumia pia kwa tunda ambalo halijaiva na kwa kijana ambaye bado hajakomaa. Sisi tungesema mbichi. Ndiyo maana mimi kichwani naziita filamu za ubichi. Si lazima ziwe za shuleni, lakini nyingi ni za shuleni, kwa sababu huko ndiko kijana wa Kijapani anakoshinda tangu asubuhi hadi jioni.

Nianze na ipi?

*Linda Linda Linda* ya Nobuhiro Yamashita, ya mwaka 2005. Wanaonijua wanalijua jibu hili kabla sijafungua mdomo.

Zimebaki siku tatu kabla ya tamasha la shule. Bendi ya wasichana imesambaratika: mpiga gitaa kaumia kidole, mwingine kagombana na mwenzake kajitoa. Waliobaki watatu wanaamua kupiga nyimbo za The Blue Hearts, bendi ya muziki wa panki iliyovuma Japani miaka ya 1980, lakini mwimbaji hawana. Wanakubaliana kumchukua msichana yeyote atakayepita mbele yao. Anapita Son, mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Korea Kusini, anayeigizwa na Bae Doona. Wanamuuliza, naye anaitikia "hai", yaani ndiyo, kama anavyoitikia mtu aliyezungukwa na lugha asiyoimudu. Basi, kashakuwa mwimbaji.

Zaidi ya hapo ni mazoezi ya usiku, kusinzia, kula, kubishana. Kuna kijana wa Kijapani aliyekariri maneno ya Kikorea ili aje amwambie Son kuwa anampenda. Son anamsikiliza kwa adabu, wala hamchukii, ila anachotaka ni kurudi kwa wenzake wakaendelee na mazoezi. Kisha kuna usiku mmoja Son anaingia ukumbini peke yake, anapanda jukwaani, na mbele ya ukumbi mtupu anawatambulisha wanabendi mmoja mmoja kana kwamba watu wamejaa. Hakuna muziki wala machozi. Nimeiona filamu hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na bado nikifika hapo naacha kutafuna bisi.

Mbona hakuna kinachotokea?

Hili huulizwa na jirani yangu mmoja ambaye alilala nusu ya filamu hiyo, akaamshwa na wimbo wa mwisho, akapiga makofi kuliko wote.

Kinachotokea ni muda unakwisha. Kamera inasimama mbali, watoto wanatembea kandokando ya mto bila kusema la maana, na wewe unaanza kuhesabu siku zilizobaki kabla wao hawajaanza. Ukiwa umechoka na kazi usijilazimishe. Weka *Waterboys* (2001) au *Swing Girls* (2004), zote za Shinobu Yaguchi, utacheka. Ya kwanza ni wavulana wanaojifunza kucheza ndani ya maji kwa pamoja, mchezo uliozoeleka kuwa wa kike, na ilichochewa na wavulana wa kweli wa shule ya sekondari ya Kawagoe, mkoa wa Saitama. Ya pili ni wasichana wa Yamagata wanaoangukia kwenye jazi kwa bahati mbaya. Waigizaji wake walijifunza vyombo kweli, na muziki unaousikia mwishoni wanaupiga wenyewe.

Kwa nini kila filamu ina maua ya waridi yanayodondoka?

Hayo ni maua ya mcheri, sakura. Na jibu lake liko kwenye kalenda.

Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili na kumalizika Machi. Shule ya msingi ni miaka sita, sekondari ya chini mitatu, ya juu mitatu. Ile tisa ya mwanzo ni lazima kwa kila mtoto. Tokyo, sakura huchanua kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, na yakishachanua yote hukaa kama wiki moja tu kabla upepo na mvua havijayaondoa. Mahafali yako upande mmoja wa maua, siku ya kwanza ya shule mpya iko upande wa pili. Mwongozaji akionyesha petali moja begani mwa mtu, kila Mjapani ukumbini anajua kuna kundi linaagana.

Ukielewa hilo umeelewa sehemu kubwa ya filamu hizi. Kwetu filamu ya shule ingekuwa na mtihani, ada na mwalimu wa nidhamu. Huko mitihani ipo, tena migumu, lakini kinachoogopwa hasa ni Machi. Tunasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wajapani moshi huo wameuwekea tarehe.

Shunji Iwai aliigeuza kanuni hii mwaka 1998. *Shigatsu Monogatari*, yaani Hadithi ya Aprili, inaanzia pale ambapo nyingine zinaishia: msichana kutoka Hokkaido anashuka Tokyo kuanza chuo kikuu, vitu vyake havienei chumbani. Ina dakika 67 tu. Inafaa siku ambayo umeme hauaminiki.

Kwa nini mvulana alimpa msichana kifungo cha koti?

Ni kifungo cha pili kutoka juu cha ile sare nyeusi yenye kola iliyosimama. Hutolewa siku ya mahafali kwa anayependwa, na maelezo ya kawaida ni kwamba ndicho kilicho karibu na moyo. Mvulana anayerudi nyumbani bila kifungo hata kimoja alikuwa na siku njema. Mwenye vyote, mpe pole.

Wanafunzi wanasafisha shule wenyewe, au ni maigizo?

Ni kweli, hata shule za msingi: wanafagia, wanapiga deki ngazi, wanagawa chakula cha mchana wakiwa na aproni nyeupe. Aliyesoma kwetu hashangai, ameshika fagio la chelewa tangu darasa la kwanza. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwetu kazi hiyo hiyo ilikuwa pia adhabu ya waliochelewa mstarini.

Ukitaka kuona bila waigizaji, tafuta *The Making of a Japanese*, ya Ema Ryan Yamazaki (2023), iliyopigwa kwa mwaka mzima katika shule moja ya msingi ya serikali mjini Tokyo wakati wa korona. Kutoka humo ilikatwa filamu fupi, *Instruments of a Beating Heart*, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2025. Kuna mtoto wa darasa la kwanza amepewa matoazi, kaja mazoezini bila kujiandaa, mwalimu anamkaripia mbele ya wenzake. Kila ninapoionyesha sebule inagawanyika. Nusu wanasema mwalimu mkali mno. Nusu wanasema, huyo mkali?

Hizo klabu ni kitu gani? Mbona hawarudi nyumbani?

Ni *bukatsu*: besiboli, voliboli, bendi ya matarumbeta, uchoraji, filamu. Kinadharia ni hiari. Kwa vitendo wengi wanabaki kila siku baada ya vipindi, na mara nyingi wikendi pia. Ndani yake kuna ngazi: *senpai* ni aliyekutangulia, *kohai* ni uliyemtangulia, na salamu, lugha na nani abebe mipira vinafuata hapo. Mtu asiyejiunga na klabu yoyote kwa utani huitwa mwanachama wa klabu ya kurudi nyumbani.

Filamu inayoyaeleza haya kuliko zote ni ya Daihachi Yoshida, 2012, kutoka riwaya ya Ryo Asai. Jina lake ni *Kirishima, Bukatsu Yamerutteyo*, na nashukuru kwamba Kiswahili kina neno la kuitafsiri sawasawa: Eti Kirishima Anaacha Klabu. Hilo "eti" ndilo filamu yenyewe. Kirishima, nahodha wa voliboli na nyota wa shule, ameacha klabu. Hatumwoni hata mara moja. Tunachoona ni Ijumaa moja ikirudiwa kupitia macho ya watu tofauti, na jinsi shule nzima inavyoyumba kwa sababu kijiti kimoja kimechomolewa.

Chini kabisa ya ngazi yupo Maeda, wa klabu ya filamu, anayehangaika kupiga filamu ya mazombi, wafu wanaotembea, kwa kamera ya zamani ya milimita nane. Pia kuna nahodha wa besiboli ambaye wenzake wa mwaka wa tatu wameshajiuzulu, yeye bado anakuja mazoezini. Anaulizwa kwa nini. Anasema atasubiri hadi timu za kulipwa zichague wachezaji. Hakuna timu iliyowahi kuja kumtazama, na yeye anajua. Kijana anayemuuliza ana kipaji kuliko yeye na hataki kucheza. Nadhani nimemwelezea kila mtu niliyesoma naye.

Filamu hiyo ilichukua tuzo ya filamu bora ya Akademia ya Japani, na iliyafikia hayo bila kumwonyesha Kirishima.

Kwa nini kila jambo kubwa hutokea juu ya paa?

Kwa sababu juu ya paa hakuna mwalimu. Katika maisha ya kawaida shule nyingi hufunga mlango huo kwa usalama, kwa hiyo paa la sinema ni nchi ya kufikirika. *Aoi Haru* ya Toshiaki Toyoda (2001) inaanzia hapo: vijana wanasimama nje ya reli ya paa, wanaachia mikono na kupiga makofi, anayepiga mengi bila kuanguka ndiye mkubwa wa shule. Usiangalie na mtoto anayependa kuiga.

Mbona kuna uonevu mwingi hivyo?

Kwa sababu upo, na nchi imeshindana nao hadharani kwa miongo. Unaitwa *ijime*. Mwaka 2011 mwanafunzi wa miaka 13 katika mji wa Otsu alijiua baada ya kuonewa. Hasira ya umma kuhusu namna shule na mamlaka za elimu zilivyolishughulikia jambo lile ilichangia kupatikana kwa sheria maalumu ya kuzuia uonevu mwaka 2013. Katika mwaka wa masomo wa 2023 watoto zaidi ya 340,000 wa shule za msingi na sekondari ya chini walihesabiwa kuwa wamekosa shule kwa muda mrefu bila kuwa wagonjwa au kukosa fedha. Sababu zao ni nyingi, si uonevu peke yake, lakini ukiwa na idadi hiyo kichwani unaelewa kwa nini waongozaji wanarudi darasani.

Wanarudi kwa njia tofauti sana. *Riri Shushu no Subete*, inayojulikana zaidi kama *All About Lily Chou-Chou* (2001), ya Iwai tena, ina mvulana amesimama katikati ya shamba la mpunga la kijani kibichi, vipokea sauti masikioni, anamsikiliza mwimbaji ambaye hayupo duniani ila ndani ya hadithi. Shuleni anateswa na aliyekuwa rafiki yake. Ni nzuri mno kwa macho na ni ngumu mno kwa moyo, na sijawahi kuirudia Ijumaa. Mmoja wetu alitoka nje akakaa na kuku.

*Kokuhaku* ya Tetsuya Nakashima (2010) inaanza na mwalimu anayeaga darasa lenye kelele huku watoto wakimalizia maziwa yao ya pakiti. Anaongea kwa sauti ile ile, taratibu, hadi wanapogundua anawaambia kwamba wawili kati yao wamemuua binti yake, na ni nini alichokitia ndani ya maziwa. Ninavyoijua sebule yetu, huo ndio ukimya mrefu kuliko wote tuliowahi kuwa nao.

Mwenye moyo mwepesi aanze na katuni ya Naoko Yamada, *Koe no Katachi* (2016). Mvulana wa darasa la sita anamtesa msichana kiziwi, anamng'oa vifaa vya kusikia masikioni, kisha darasa zima lililokuwa likicheka naye linamgeuka yeye. Miaka kadhaa baadaye anakuja kumtafuta, kashajifunza lugha ya alama. Nyuso za wanafunzi wenzake tunaziona zimebandikwa alama ya X, kwa kuwa hawezi tena kumtazama mtu usoni.

Na ipo *Kaibutsu* ya Hirokazu Kore-eda (2023), nje ya Japani *Monster*, iliyompa Yuji Sakamoto tuzo ya mwandishi bora wa filamu Cannes. Mama anaamini mwalimu anamtesa mwanawe. Tunarudi mwanzo, sasa na mwalimu. Tunarudi tena, sasa na watoto. Katika awamu za mwanzo inasikika sauti ya ajabu ndani ya jengo, kama mnyama anayelia. Ni baadaye sana tunaingia chumba cha muziki na kumkuta mwalimu mkuu, mama mtu mzima, na mvulana, wanapuliza trumboni na honi kwa nguvu zote, kwa sababu wote wawili wana jambo wasiloweza kulisema kwa mdomo. Mnyama aliyekuwa akilia ni wao.

Battle Royale inafaa kwa watoto wangu?

Hapana. Ya Kinji Fukasaku, 2000. Wanafunzi 42 wa darasa moja wanapelekwa kisiwani wauane hadi abaki mmoja. Japani kwenyewe ilizuiwa kwa walio chini ya miaka 15 na ilizua mabishano hadi bungeni. Mtu mzima aiangalie: chini ya damu kuna watoto wanaokufa wakiwa bado wanajali nani alimpenda nani.

Mbona hawabusiani?

Wengine wanabusiana. Lakini kilele cha mapenzi ya shule huko ni tamko: unasimama mbele ya mtu, unainamisha kichwa, unasema "suki desu", nakupenda, na unasubiri. Tendo hilo huitwa *kokuhaku*, kukiri. Ni neno lile lile la filamu ya maziwa. Sasa unaelewa kwa nini jina lile linatisha.

Wote ni Wajapani tu? Hakuna wageni?

Wapo, na mara nyingi si wageni. *Go* ya Isao Yukisada (2001) inamhusu kijana aliyezaliwa na kukulia Japani katika familia yenye asili ya Korea. Ametoka shule ya jamii yake akaingia ya Kijapani, na anampenda msichana ambaye bado hajamwambia. Siku anamwambia, mwili wa msichana unarudi nyuma kabla akili yake haijaamua lolote. Dada mmoja kwetu, aliyekulia Oman na kurudi Zanzibar akiwa na miaka 14, hakusema kitu filamu ilipokwisha. Aliomba iwekwe tena.

Ya karibuni zaidi ni *Happyend* ya Neo Sora (2024): Tokyo ya miaka michache ijayo, shule inafunga kamera zinazowatoza wanafunzi alama kwa kila kosa, na kundi la marafiki wenye asili mbalimbali linaanza kutengana, kila mmoja kwa anachoweza kupoteza. Sora ni mtoto wa Ryuichi Sakamoto, mwanamuziki ambaye sauti ya piano yake imo kwenye *Kaibutsu*. Baba huyo alifariki Machi 2023, kabla *Kaibutsu* haijatoka.

Za zamani zipo, au ni jambo la sasa?

Zipo, na bora kuliko zote huenda ni ya 1954. *Nijushi no Hitomi*, Macho Ishirini na Manne, ya Keisuke Kinoshita, kutoka riwaya ya Sakae Tsuboi. Mwaka uleule ilitoka *Seven Samurai*. Wahakiki wa jarida la Kinema Junpo waliiweka ya mwalimu juu ya ya mashujaa.

Mwaka 1928 mwalimu kijana, Oishi (Hideko Takamine), anaingia kijiji cha kisiwa cha Shodoshima akiendesha baiskeli na kuvaa nguo za kizungu. Kijiji kinanong'ona. Wanafunzi wake ni 12, ndiyo macho 24. Wanamchimbia shimo ufukweni kwa utani, anaumia mguu, na baadaye watoto wanatoroka kwenda kwa miguu hadi kwake kumjulia hali, wanalia njiani kwa njaa na umbali. Hapo wanapigwa picha ya pamoja. Kinoshita alitafuta ndugu wanaofanana ili mtoto akikua kwenye filamu uso ubaki ule ule, na ujanja huo unafanya kazi kuliko kipodozi chochote.

Kisha umaskini unaanza kuwachukua wasichana, na vita wavulana. Mwaka 1946 waliosalia wanakutana kumpokea mwalimu wao. Mmoja amerudi kutoka vitani kipofu. Picha ile ya utotoni inapita mkono hadi mkono, inamfikia. Anaigusa kwa kidole na kuanza kuwataja: huyu hapa fulani, aliye pembeni yake fulani. Kidole kinakosea kidogo mahali, hakuna anayemsahihisha.

Ina zaidi ya saa mbili na nusu, nyeusi na nyeupe, na watoto huimba sana. Bibi yangu, ambaye haoni haja ya filamu, aliiangalia yote. Aliuliza tu: "Hao wengine wamekufa, eti?"

Katuni zinahesabika?

Zinahesabika. Swali hili huulizwa na baba za watu.

Nazipata wapi?

Za Kiswahili sijakutana nazo. Jiandae kusoma maandishi ya chini ya Kiingereza. Shirika la Japan Foundation lina tovuti ya JFF Theater ambako huwekwa filamu za bure, nyingine kwa muda maalumu. Kubwa kama za Kore-eda na katuni nyingi zimo kwenye huduma za kulipia, ingawa orodha hubadilika nchi kwa nchi. Tafuta kwa jina la Kijapani na la Kiingereza pia. Na pakua usiku, bando lina heshima zaidi.

Ile kengele inayolia katika kila filamu ni wimbo gani?

Ni mlio wa saa ya bunge la Uingereza, ule wa London, uliohamia shule za Japani baada ya vita. Watoto huutamka kin-kon-kan-kon. Mpwa wangu wa darasa la nne ameushika. Huuimba akitoka mlangoni asubuhi, begi mgongoni, akiwa ameshachelewa.